Mnara wa Simu Karibu na Makazi: Utafiti Umeona Nini Kuhusu Mionzi Yake

Matini ya mada iliyotolewa mbele ya mkutano wa wakazi wa kata



Mwaka 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ilitia saini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Mahali pengi ambapo msingi wa mnara huchimbwa, neno hutangulia saruji: kwamba mnara una mionzi, na mionzi ni saratani. Wapo wanaokataa kutoa kiwanja kwa sababu hiyo, na wapo wanaopokea kodi ya kiwanja huku wakilala na hofu. Upande wa pili wa mzani yupo mama mjamzito aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku katika kitongoji kisicho na mtandao. Mfumo wa M-Mama, unaompatia usafiri wa dharura mjamzito, aliyejifungua na mtoto mchanga, huanza kwa kupiga namba 115 bila malipo. Pasipo mawimbi ya simu, namba hiyo ni tarakimu tatu tu.

Jambo lenye gharama pande zote mbili halifai kuamuliwa kwa minong'ono. Wala halifai kuamuliwa kwa neno la mtaalamu anayesema "msiogope", kisha akapanda gari akaondoka. Anayeuliza juu ya afya ya watoto wake anastahili kuelezwa nini kimepimwa, kimepimwa vipi, na nini bado hakijamalizika kupimwa.

Neno "mionzi" lenyewe limeleta mkanganyiko mkubwa, kwa kuwa Kiswahili hulitumia kwa vitu viwili ambavyo havifanani. Iko mionzi ayonisha, kama ile ya eksirei na ya madini ya urani, ambayo ina nguvu ya kung'oa chembe ndani ya seli na kuvunja vinasaba. Hiyo husababisha saratani, na hakuna mwanasayansi anayebisha. Iko pia mionzi isiyoayonisha, ambamo yamo mawimbi ya redio, ya televisheni, ya simu na ya vifaa vya intaneti isiyo na waya. Haya hayana nguvu ya kuvunja vinasaba moja kwa moja. Kazi yake inayofahamika bila shaka ni kupasha joto, na ndiyo kazi inayopika chakula ndani ya jiko la maikrowevu, ambamo mawimbi ya mamia ya wati hufungiwa katika sanduku dogo la chuma.

Kutokana na joto hilo ndipo vikomo vya usalama vilipopatikana. Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi Isiyoayonisha, ijulikanayo kwa kifupi kama ICNIRP, ilitoa mwongozo wake mwaka 1998 na kuupitia upya mwaka 2020. Ilikadiria kwamba mwili ukipokea takriban wati 4 kwa kila kilo ya uzito, joto lake la ndani huongezeka kiasi cha nyuzi 1. Kiwango hicho kikagawanywa kwa 50, na kikomo kwa raia wa kawaida kikawa wati 0.08 kwa kilo. Kwa mawimbi ya megahezi 900, yanayotumiwa sana na minara ya vijijini, kikomo hicho ni sawa na wati 4.5 kwa kila mita ya mraba ya mahali mtu alipo.

Je, mnara hutoa kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, katika maelezo yake ya mwaka 2006, lilikusanya vipimo vilivyofanywa karibu na minara na kukuta kwamba watu hupokea kati ya asilimia 0.002 na asilimia 2 ya vikomo vya kimataifa. Shirika hilo liliongeza jambo ambalo wengi hawalitarajii: kwa nguvu iliyo sawa, mwili wa binadamu hufyonza mawimbi ya redio ya FM na ya televisheni hadi mara tano zaidi ya yale ya mnara wa simu, kwa kuwa urefu wa mawimbi hayo hukaribiana zaidi na kimo cha mtu. Minara ya redio imekuwapo kwa miongo mingi, na hakuna aliyekataa kusikiliza taarifa ya habari kwa sababu yake.

Mawimbi hupungua upesi kwa umbali. Aliyekaa karibu na jiko la mkaa analijua hilo kwa ngozi yake. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu hubaki robo. Ukizidi mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Tena antena haimwagi mawimbi chini kama mvua. Huyarusha mbele, karibu sambamba na ardhi, kama mwanga wa tochi iliyoshikwa juu ya paa. Nyumba iliyo chini kabisa ya mnara kwa kawaida hupokea kidogo kuliko nyumba iliyo mbele ya antena umbali wa mita mia moja au zaidi, ingawa zote mbili hupokea kiasi kidogo.

Hapa kuna jambo ambalo halina budi kusemwa taratibu, maana linapindua hofu yenyewe. Chombo kinachotuma mawimbi mengi zaidi mwilini mwa mwanakijiji ni simu iliyobanwa sikioni mwake, umbali wa sentimita moja au mbili kutoka kwenye ubongo. Simu ya kitochi inayotumia mtandao wa 2G inaweza kurusha hadi wati 2 kwa mipigo ya haraka, yaani wastani wa robo ya wati. Na simu hurekebisha nguvu yake yenyewe. Mtandao ukiwa mzuri, hunong'ona; mtandao ukiwa dhaifu, hupiga kelele ili mnara wa mbali uisikie. Tofauti kati ya mnong'ono huo na kelele hiyo hufika mamia ya mara. Kwa hiyo kijiji kinachoufukuza mnara uende kilomita 15 kwa kuogopa mionzi, kisha wakazi wake wakapanda kichuguu wakitafuta "vijiti viwili" vya mtandao, kimejiongezea mionzi kichwani.

Sasa saratani. Mwezi Mei mwaka 2011 wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walikutana mjini Lyon, Ufaransa, chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani. Waliyaweka mawimbi ya redio katika kundi linaloitwa 2B, la vitu ambavyo "huenda" vikasababisha saratani kwa binadamu. Habari hiyo ilipozunguka dunia, neno "huenda" lilianguka njiani.

Makundi ya IARC hayapimi ukubwa wa hatari. Hupima uzito wa ushahidi. Kundi la 1 lina vitu ambavyo ushahidi wake umetosheleza: tumbaku, pombe, mionzi ya eksirei, na pia sumukuvu, ile sumu ya ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa kwa unyevu. Mwaka 2016 sumukuvu iliwaathiri watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Kundi la 2A, linalofuata, lina moshi wa kuni unaojaa ndani ya nyumba. Ndipo linakuja 2B, ambamo mawimbi ya simu yamo pamoja na mboga zilizochachushwa kwa chumvi kwa desturi ya Asia na dondoo ya jani zima la mshubiri. Kwa maneno mengine, katika orodha ile ile inayotumiwa kumshutumu mnara, ghala lenye mahindi mabichi na jiko la mafiga lisilo na dirisha vinasimama mbele yake. Mnara huonekana kutoka kilomita nyingi. Ukungu huonekana tu kwa anayefungua gunia.

Ushahidi uliowafanya wataalamu wa Lyon kusema "huenda" ulitoka kwa sehemu kubwa katika utafiti uitwao Interphone, uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2010. Waliulizwa wagonjwa 2,708 wenye uvimbe wa ubongo uitwao glioma, na wengine wasio wagonjwa, walikuwa wakitumia simu kiasi gani. Kwa jumla, watumiaji wa simu hawakuonekana kuugua zaidi. Lakini katika kundi dogo la waliosema wamezungumza kwa simu saa 1,640 au zaidi maishani, uvimbe ulionekana kwa asilimia 40 zaidi. Je, ni simu, au ni kumbukumbu ya mgonjwa anayetafuta sababu ya maradhi yake? Baadhi yao walitaja saa zisizoaminika, zaidi ya 5 kila siku. Watafiti wenyewe waliandika kwamba makosa ya namna hiyo yanazuia kusema kuwa simu ndiyo chanzo.

Njia bora kuliko kumwuliza mgonjwa ni kuwaandikisha watu wakiwa wazima, kisha kuwafuatilia kwa miaka. Denmark ilifanya hivyo kwa kutumia orodha za wateja wa simu, zaidi ya watu 350,000 katika taarifa yake ya mwaka 2011. Uingereza iliwafuatilia wanawake 776,156, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Utafiti wa COSMOS, wenye washiriki zaidi ya 250,000 wa nchi kadhaa za Ulaya, ulitoa matokeo mwaka 2024. Hakuna kati ya hizo tatu uliokuta ongezeko la uvimbe wa ubongo kwa watumiaji wa simu. Daftari za saratani za Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilizochunguzwa hadi mwaka 2008, hazikuonyesha badiliko la wazi, ingawa simu zilikuwa zimeenea huko kwa miaka mingi. Kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, utafiti wa MOBI-Kids wa nchi 14 nao haukukuta ongezeko.

Pamoja na hayo, wako panya, na wanaotetea minara hawapendi kuwataja. Nchini Marekani, mpango wa taifa wa uchunguzi wa sumu ulitumia takriban dola milioni 30 kuwaweka panya katika mawimbi ya simu saa 9 kwa siku kwa miaka miwili, tangu wakiwa tumboni mwa mama. Taarifa ya mwisho ya mwaka 2018 ilisema kwamba kulikuwa na ushahidi ulio wazi wa uvimbe wa saratani katika neva za moyo kwa panya dume wakubwa. Kwa majike na kwa panya wadogo matokeo hayakuwa wazi. Kiwango cha juu kabisa kwa panya wakubwa kilikuwa wati 6 kwa kilo kwa mwili mzima, yaani mara 75 ya kikomo cha raia. Ajabu nyingine ni kwamba madume waliowekwa katika mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wale wasiowekwa, na hadi leo jambo hilo hubishaniwa. Mwaka huo huo taasisi ya Ramazzini ya Bologna, Italia, iliripoti uvimbe wa aina hiyo hiyo kwa panya dume waliowekwa katika mawimbi yanayofanana na ya mnara, kwa nguvu ndogo kuliko ile ya Marekani.

Uzito wa mambo haya ulipimwa tena kwa maagizo ya Shirika la Afya Duniani. Mapitio ya tafiti 63 juu ya watu, yaliyoongozwa na wataalamu wa Australia na kuchapishwa mwaka 2024, yalihitimisha kwamba simu inayowekwa kichwani pengine haiongezi saratani ya ubongo, hata kwa aliyeitumia miaka 10 na kupita. Mapitio ya tafiti juu ya wanyama, yaliyotoka mwaka 2025, yaliona kwamba ushahidi wa uvimbe kwa panya dume ni wa kuaminika. Matokeo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: panya si mtu, na kiwango cha maabara si cha kijijini. Hata hivyo, washauri wa IARC wamependekeza uainishaji wa mwaka 2011 upitiwe upya, na pendekezo hilo ni la haki.

Kuhusu uzazi wa wanaume, jambo ambalo vijana huliuliza kwa kicheko lakini kwa hofu ya kweli, ushahidi kwa binadamu ni dhaifu kwa pande zote. Anayetaka kuitoa simu mfuko wa suruali na kuiweka mfuko wa shati au wa begi hapotezi kitu.

Wapo watu wanaoumwa kichwa au kukosa usingizi tangu mnara uliposimama. Watu hao hawadanganyi. Katika majaribio 46 yaliyohusisha watu 1,175 waliojiona kuwa wanadhurika na mawimbi, washiriki hawakuambiwa ni saa ngapi chombo kimewashwa au kuzimwa, na hata mtafiti aliyewasimamia hakujua. Maumivu yalikuja, lakini yalikuja vilevile chombo kikiwa kimezimwa. Hofu yenyewe inaweza kuumiza mwili. Ndiyo sababu kumcheka mwenye hofu ni kumwongezea ugonjwa, na kumpeleka zahanati apimwe shinikizo la damu na malaria ni kumsaidia.

Kwa mazingira, athari iliyothibitishwa vizuri zaidi haitoki kwenye mawimbi kabisa. Watafiti wamekadiria kwamba nchini Marekani na Kanada ndege milioni 6.8 hufa kila mwaka kwa kugonga minara mirefu na nyaya zinazoishikilia, hasa ndege wanaohama usiku, ambao huvutwa na taa nyekundu zinazowaka bila kukatika. Taa hizo zikibadilishwa ziwe za kumetameta, vifo hupungua kwa takriban asilimia 70. Dawa ya hapo ni taa, na bei yake ni ndogo. Mawimbi nayo yana kesi yake: mwaka 2014 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, walionyesha kwamba kelele za umeme za mjini huwavuruga ndege wadogo wahamao wasiitambue sumaku ya dunia. Lakini kelele hizo zilikuwa za chini ya megahezi 5, mbali na mawimbi ya simu. Ama nyuki, nchini Uswisi walionekana kutoa mlio wa fadhaa simu zilipowekwa ndani ya mzinga. Mfugaji wa nyuki asiyeweka simu ndani ya mzinga wake ana adui wengine wa kuwatazama kwanza: viuatilifu vinavyopuliziwa mchana maua yakiwa wazi, moto wa kichaa, na miti inayokatwa.

Mnara wenye jenereta ya dizeli una moshi, una kelele usiku kucha, na una mafuta yanayoweza kumwagika yakafika kisimani. Una betri kubwa ambazo huchakaa. Hayo huonekana kwa macho na kunuswa kwa pua, na si nadra yakasahauliwa kwa sababu kikao chote kimeishia kwenye mionzi.

Na kama ni kutafuta namna simu inavyoua watu, jibu halihitaji maabara. Shirika la Afya Duniani linasema dereva anayetumia simu yumo katika hatari ya ajali takriban mara nne zaidi ya asiyeitumia. Kijana wa bodaboda aliyechomeka simu kati ya kofia ngumu na sikio, abiria nyuma na mtoto katikati, yuko katika hatari kubwa kuliko yeyote aliyelala chini ya mnara.

Nchi nyingine zimechagua tahadhari bila kusubiri uhakika wote. Nchini Uingereza, mwaka 2000, jopo la wataalamu lilishauri watoto wasizoeshwe kupiga simu zisizo za lazima. India ilishusha kikomo cha minara hadi sehemu moja ya kumi ya kile cha kimataifa kuanzia Septemba 2012, na simu zikaendelea kufanya kazi. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 2015, ilizuia intaneti isiyo na waya katika vyumba vya kulelea watoto walio chini ya miaka mitatu. Mwaka 2023 nchi hiyo hiyo ilisimamisha uuzaji wa simu ya iPhone 12 baada ya kipimo cha kuishika mkononi kutoa wati 5.74 kwa kilo badala ya kikomo cha 4, mpaka mtengenezaji aliporekebisha programu yake. Hivyo ndivyo kupima kunavyofanya kazi. Kuchoma moto ni kitu kingine: mwaka 2020, kwa uvumi kwamba 5G inaleta UVIKO-19, makumi ya minara ilitiwa moto Uingereza, mmojawapo ukiwa unahudumia hospitali ya dharura ya Birmingham.

Hapa Tanzania, upimaji wa mionzi hiyo ni kazi ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, TAEC, iliyopewa mamlaka na sheria namba 7 ya mwaka 2003 na yenye maabara zake Arusha. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, ndilo linalosimamia tathmini ya athari kwa mazingira, na mawasiliano yenyewe yako chini ya TCRA. Kabla kijiji hakijapitisha muhtasari wa kutoa eneo, mkutano mkuu una haki ya kuuliza kuhusu cheti cha mazingira, mahali jenereta itakapokaa, au kama nishati ya jua itatumika badala yake, na nani atakayeondoa betri zilizochakaa.

Baada ya mnara kuwashwa, Serikali ya kijiji inaweza kuiandikia TAEC barua ya kuomba kipimo. Barua itaje mahali pa kupima: darasani, zahanati, na kwenye nyumba iliyo mbele ya antena, si chini ya mnara peke yake. Iombe pia majibu yaandikwe kwa asilimia ya kikomo na kwa Kiswahili, na nakala yake ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji.